Mezani kwa Mama Mhariri: Hadithi za Kikristo, simu na bando

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mtu ana hadithi ya Kikristo kichwani, ana simu mkononi na bando la kubana, aelekee wapi mtandaoni apate msaada wa kweli? Nimechagua chache. Mlioniandikia kuhusu mashairi na nyimbo za kwaya mnivumilie. Mimi ni mtu wa riwaya na hadithi fupi, sitaki kujifanya malenga uzeeni.

Shikamoo Mama Mhariri. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Njombe. Zamu ya usiku ikitulia huwa naandika riwaya kwenye simu. Inamhusu binti anayeongoza kwaya ya vijana, halafu anaugua na kupoteza sauti. Nimefika sura ya tisa nimekwama. Nikitafuta mafunzo mtandaoni naletewa kurasa za Kiingereza zisizo na mwisho, nyingi za Wamarekani. Nisome zipi, niache zipi? (Muuguzi, Njombe)

Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Anza na tovuti moja tu, ukae nayo mwezi mzima: Helping Writers Become Authors, ya mwandishi wa Marekani anayeitwa K.M. Weiland. Ni ya bure, na sehemu kubwa ni maandishi, kwa hiyo haitamaliza bando lako. Tafuta humo mfululizo wa masomo kuhusu jinsi mhusika anavyobadilika. Hoja yake kubwa ni kwamba mhusika mkuu huingia katika hadithi akiamini uongo fulani kuhusu nafsi yake au kuhusu dunia, na matukio yanambana hadi auache uongo huo, au umwangamize. Kwa sisi tunaoandika kuhusu imani, sijaona somo la ufundi linalotufaa kuliko hilo.

Mchukue huyo binti wa kwaya. Umeniambia anapoteza sauti, hujaniambia anaamini nini. Tuseme anaamini kwamba Mungu anampenda kwa sababu anaimba, na kwamba siku akinyamaza hana tena nafasi mbele zake. Hapo sasa una riwaya. Mwenyekiti wa kwaya akimpa mwingine nafasi ya kuongoza, uongo ule unaguswa. Mama yake akiuliza jikoni "tumemkosea nini Mungu?", unaguswa tena. Kijana aliyekuwa akimsindikiza baada ya mazoezi naye akianza kupunguza salamu, binti anapata ushahidi wa tatu. Nadhani umekwama sura ya tisa kwa sababu ugonjwa ni tukio, na tukio moja haliwezi kubeba sura ishirini.

Hapa nitoe la moyoni, maana nimekaa miaka mingi kwenye meza ya uhariri ya shirika la kanisa. Miswada mingi ya Kikristo niliyoisoma ilifia mahali pamoja: pale mchungaji anapoingia. Anaingia na Biblia, anahubiri kurasa nne, mhusika analia, anaokoka, mganga wa kienyeji anakimbia kijiji, kisha harusi. Sina ugomvi na wokovu. Nina ugomvi na mchungaji asiye na jina, asiye na mke, asiyedaiwa ada ya shule ya mtoto hata mmoja, na ambaye hakuonekana popote kabla ya sura ya kumi na mbili. Ukitaka mchungaji akufae mwishoni, mlete mapema. Mwache achelewe ibada kwa sababu pikipiki imezima njiani. Mwache akosee jina la marehemu mazishini, wafiwa wanong'one. Akishakuwa mtu, siku atakapofungua kinywa tutamsikiliza. Na mganga wako vilevile mpe watoto na mpe sababu, asiwe jini la kwenye filamu.

Ukishamaliza kwa Weiland, soma makala za bure za Jerry Jenkins, mmoja wa waandishi wawili wa mfululizo wa Left Behind, riwaya za siku za mwisho, uliouza zaidi ya nakala milioni 60. Theolojia ya vitabu vile watu wanaibishia, hata mimi nina langu, lakini mzee yule anajua kumfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Makala nyingi zinaishia kwenye mlango wa kozi ya kulipia. Ukifika mlangoni, rudi.

Siku ukipata Wi-Fi ya bure, tazama mihadhara ya Brandon Sanderson iliyoko YouTube. Yeye huandika fantasia, na darasa lake la uandishi katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, kule Utah, limerekodiwa na kuwekwa bure. Msomaji mmoja aliwahi kunionya kwamba chuo kile ni cha Wamormoni. Ni kweli. Nami suti ya harusi ya mwanangu ilishonwa na fundi Mwislamu wa hapa Chamwino, ikamkaa vizuri.

Kuhusu vifaa: kibodi ya Gboard inaandika Kiswahili kwa sauti. Chagua Kiswahili, bonyeza alama ya maikrofoni, useme. Mazungumzo ya wahusika hutoka hai zaidi yakisemwa kuliko yakichapwa kwa dole gumba, ingawa vituo na mikato utaweka mwenyewe. Andikia kwenye Google Docs ili simu ikiibwa riwaya isiende nayo. Ukipata kompyuta, LibreOffice ni programu ya bure, na ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Ama lugha yenyewe, hao Wamarekani hawana cha kukupa. Tafuta Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, hata ya mtumba, uiweke karibu na chati za wagonjwa.

Bwana Yesu asifiwe, Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Eldoret. Naandika hadithi za mapenzi ya Kikristo kwa Kiingereza na ningependa kuchapishwa Marekani. Rafiki yangu ameniambia nijiunge na ACFW na nitume mswada kwa Love Inspired. Je, ni njia nzuri? (Mwalimu, Eldoret)

Amina, Mwalimu. Ni njia halisi, ila ujue inakokwenda.

ACFW, yaani American Christian Fiction Writers, ilianza mwaka 2000 ikiwa chama cha waandishi wa hadithi za mapenzi tu, kisha ikapanuka. Uanachama ni wa kulipia, kwa dola. Wana mashindano ya Genesis kwa wasiowahi kuchapishwa, na tuzo za Carol kwa vitabu vilivyokwisha kutoka. Kabla hujatoa pesa, soma yale wanayoyatoa bure kwenye tovuti yao, uone kama unajisikia nyumbani.

Love Inspired iko chini ya Harlequin, kampuni ya riwaya za mapenzi, na faida yake ni kwamba inapokea miswada isiyopitia kwa wakala, yaani mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji, jambo ambalo wachapishaji wakubwa wa Kikristo wa kule hawalifanyi kwa urahisi. Miongozo yao iko wazi mtandaoni: riwaya ya maneno kama 55,000, mapenzi safi, na imani iwe sehemu ya hadithi yenyewe, isipakwe juu. Soma vitabu vyao kadhaa kwanza. Utaona miji midogo ya Marekani, mashamba ya ng'ombe, mjane mwenye mtoto na mwanamume aliyerudi kwao baada ya miaka. Wasomaji wao wanakuja kwa ajili ya hayo. Hadithi yako ya wakimbiaji wa Iten na mahari ya ng'ombe inaweza kuwa bora kuliko yote hayo na bado isipate rafu pale. Ukiwatumia, watumie wanachokipenda. Ukitaka kuandika Uasin Gishu kama unavyoijua, tafuta mlango mwingine.

Mlango huo mwingine naupenda zaidi: Media Associates International, shirika lenye makao Illinois lililoanza mwaka 1985 kwa kazi ya kuwafunza waandishi na wachapishaji Wakristo wa nchi nyingine, waandikie watu wao wenyewe. Mkutano wao wa kimataifa, LittWorld, umewahi kufanyika huko kwenu Kenya. Tovuti yao ina makala za mafunzo, na anayefundisha anajua kwamba umeme hukatika.

Halafu kuna blogu ya wakala Steve Laube. Hata kama hutamwandikia maisha yako yote, makala zake za nyuma zinaeleza vizuri wakala anasoma nini kwanza, barua ya utangulizi iweje, na kwa nini mswada mzuri hukataliwa. Hilo la mwisho lisome mara mbili kabla hujatuma chochote kokote.

Mjukuu wangu amehitimu kidato cha sita na kutwa yuko kwenye simu anatunga hadithi, anasema ni huduma. Nauliza: kutunga watu ambao hawakuwahi kuwepo na kuwasemesha maneno, huo si uongo? (Mzee wa kanisa, Sengerema)

Shikamoo Mzee wetu. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kusema "umeua". Alianza na tajiri, na maskini, na mwanakondoo mmoja aliyelala kifuani pa bwana wake, na kati ya hao hakuna aliyewahi kuzaliwa (2 Samweli 12). Daudi alighadhibika kabla hajajua kwamba ni yeye. Katika Waamuzi 9 miti inatafuta mfalme. Mnunulie mjukuu bando.

Mama, niliweka kitabu changu cha Kiingereza Amazon mwaka jana. Sasa napokea barua pepe kutoka ng'ambo. Mtu anasema ameguswa sana na kitabu, anataja hadi majina ya wahusika, ana klabu ya wasomaji maelfu na anataka kukitangaza. Anaomba dola 150 za maandalizi. Anamalizia na "God bless you". Nimwamini? (Kigoma)

Usitume hata senti.

Sasa fungua tovuti ya Writer Beware. Ilianza mwaka 1998, iko chini ya mwavuli wa chama cha Marekani cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia, nayo hufichua matapeli wanaowawinda waandishi: mawakala bandia, mashindano bandia, kampuni za uchapishaji zinazobadili jina kila zikijulikana. Andika jina la huyo mtu na la klabu yake kwenye kisanduku cha kutafutia. Utakuta barua zinazofanana na yako neno kwa neno. Kutaja wahusika si ushahidi kwamba amesoma. Muhtasari wa kitabu chako uko wazi pale Amazon, na siku hizi mashine inausoma na kukuandikia sifa kwa dakika moja. Baraka za mwisho wa barua nazo ni za bure.

Kwa wengine mnaosoma hapa: mchapishaji anayekuchagua hulipa yeye. Ukilipa wewe, basi umeajiri mpiga chapa, na hilo si dhambi mradi ulijue hivyo, upate bei kutoka kwa watu watatu, na vitabu viwe mali yako. Namjua mama mmoja aliyeuza ng'ombe wawili kulipia "kifurushi cha dhahabu" cha kampuni ya ng'ambo. Vitabu vilikuja na jina lake limekosewa kwenye jalada, kisha ikafuata bili ya usafirishaji.

Kabla ya kuvuka bahari, andika barua hapa nyumbani. Soma Biblia, Central Tanganyika Press hapa Dodoma, Inland Publishers Mwanza na Benedictine Publications Ndanda, wote ni wachapishaji wa Kikristo. Uliza kwanza kama kwa sasa wanapokea hadithi za kubuni, usiwatupie mswada wa kurasa mia tatu. Ukijichapishia mwenyewe, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Na wale mnaoandika Kiswahili mkiitazama Amazon: fungueni kwanza orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP, huduma yao ya kujichapishia vitabu. Mara ya mwisho nilipoitazama, Kiafrikaans kilikuwamo, Kiwelisi kilikuwamo, Kiswahili hakikuwamo. Sitasema zaidi, mhariri wa gazeti hili ananidai upole.

Tumsifu Yesu Kristo. Kila Ijumaa naweka sehemu ya hadithi yangu Facebook na watu wanaipenda. Maswali mawili: naruhusiwa kunukuu Biblia nitakavyo? Na nifanye nini na wanaonakili hadithi zangu na kufuta jina langu? (Tabata, Dar es Salaam)

Milele na milele, amina.

Tafsiri za Biblia zina wenyewe. Ile ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, na ile ya Habari Njema, haki zake ziko kwa Vyama vya Biblia vya Kenya na Tanzania. Mstari mmoja au miwili kinywani mwa mhusika, ukitaja tafsiri, haitakuletea shida. Ukitaka kuchapa na kuuza kitabu chenye nukuu ndefu, waandikie uombe kibali. Ukitaka uhuru mpana, shirika la Biblia liitwalo Biblica limetoa Toleo Wazi la Neno: Bibilia Takatifu kwa leseni huria, unanukuu, unataja chanzo na kufuata masharti yake, basi. Programu ya YouVersion itakuonyesha tafsiri kadhaa za Kiswahili kwenye simu hiyohiyo.

Lakini mwandishi wa hadithi asichague tafsiri kwa hofu ya sheria peke yake. Muulize mhusika. Bibi wa miaka themanini hasomi, anakariri, na anachokariri ni Union: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Mjukuu wake anasoma zaburi hiyohiyo kwenye skrini kwa maneno mengine, bibi anamkatiza, anairudia kwa maneno yake. Hapo umepata onyesho la nusu ukurasa bila kuhubiri.

Kuhusu wezi: hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Sheria yetu ya mwaka 1999 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watakusajilia kazi ili uwe na ushahidi. Facebook nao wana fomu ya kulalamikia kazi iliyoibwa, itumie. Mbinu ya mtaani ni kuweka jina lako katikati ya maandishi, ndani ya aya, maana wezi hufuta juu na chini tu.

Ila swali ambalo hukuuliza ndilo linanitia wasiwasi zaidi: kwa nini unaiweka yote? Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, ilimpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10. Kuna na tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Masharti ya tuzo huuliza kama kazi imekwisha kuchapishwa. Hadithi iliyomalizika hadharani mbele ya watu elfu sita inaweza kukufungia mlango. Weka sura tatu, watu wazililie, zilizobaki zikae kwako.

Mama, akili mnemba imeniandikia riwaya ya kiroho ya sura ishirini kwa siku moja. Nitume wapi? (Kijana, Arusha)

Kwangu usitume. Nimesoma miswada ya namna hiyo. Kiswahili chake kimenyooka, wahusika wote wanaongea kama tangazo la benki, hakuna anayesema "weee!", na kila mtu "anavuta pumzi ndefu" kabla ya kujibu. Katika mmoja nilikuta aya ya Biblia yenye jina la kitabu, sura na mstari. Nilipofungua, mstari huo haumo. Ukiitaka akili mnemba kwa kazi nyingine, iulize majina ya sehemu za meli au ratiba ya msimu wa kahawa, kisha hakiki. Na ukienda KDP fahamu kwamba tangu Septemba 2023 wanakutaka useme kama maandishi yametungwa na mashine.

Sisi ni vijana wanane wa makanisa tofauti hapa Morogoro. Tumefungua kikundi cha WhatsApp cha kusomeana hadithi, lakini kimegeuka cha kutumiana salamu za asubuhi na picha za maua. Tufanyeje? (Katibu, Morogoro)

Wanane wanatosha, msiongeze. Wekeni mpangilio wa kikundi ili wasimamizi wawili tu ndio wanaotuma, WhatsApp inaruhusu. Maoni yaandikwe pembeni mwa hati kwenye Google Docs, siyo kwenye kikundi, ili mwandishi ayapate yote mahali pamoja, karibu na sentensi inayosemwa. Kila wiki mtu mmoja anatoa kurasa tano, saba waliobaki wanasoma. "Ubarikiwe mtumishi, umetisha" si maoni. Maoni ni: hapa nilichoka, hapa sikumwamini, hapa niliogopa. Mkristo anaona haya kumwambia ndugu yake kwamba sura yake inachosha, kwa hiyo semeni mapema kwamba katika kikundi hiki ni ruhusa.

Tengenezeni orodha ya zamu. Asiyesoma kazi za wenzake mara mbili mfululizo huku za kwake anataka zisomwe, mtoeni. Kwa upole, lakini mtoeni.